Njia Namba Saba

Enid Pettingell,
leo saa moja asubuhi nimelivuka shamba langu kwa miguu
kama mtu aliyetumwa.

Kwenye ramani ya halmashauri ni mstari wa nukta,
namba saba, kutoka lango la kanisa
hadi ukingo wa hifadhi, mwendo wa nusu saa
kwa mwenye magoti mazima.
Kwangu ilikuwa kero.
Kila Oktoba niliipindua kwa plau,
udongo mweusi ukalala chali, unang'aa,
usionyeshe kwamba mtu aliwahi kupita,
na kila Jumapili iliyofuata
nilikuona kutoka dirisha la jikoni:
koti la manjano, mkasi wa kukatia miiba,
chupa ya chai ikining'inia begani.

Hukuzunguka pembeni. Hata siku moja.
Ulikata katikati, umenyooka kama uzi wa mwashi,
buti zikizoa udongo hadi zikawa nzito kama ndoo.
Ulisimama, ukakwangua kwa kijiti, ukaendelea.
Ulipofika mwisho uligeuka
ukarudi juu ya nyayo zako zile zile.
"Njia isiyokanyagwa huhesabiwa marehemu, Bwana Cutforth!"
ulinipigia kelele juu ya ua,
nami nikakujibu neno
lililomfanya mke wangu afunge dirisha.

Miaka kumi na tisa.
Mimi kwa trekta, wewe kwa soli.
Nilipopanda viazi-sukari ulipita kati ya majani
bila kuvunja hata moja. Nilikagua.
Nilipofunga kipandio kwa waya ilikuja barua,
muhuri wa halmashauri,
na anwani kwa mwandiko wako.

Kisha Septemba ukaanguka.
Si njiani. Bafuni, juu ya zulia dogo.
Nyonga, walisema dukani; sasa uko mjini kwa binti yako,
ghorofa ya tatu, na lifti hugoma.
Nikapiga plau. Jumapili ikaja, hakuna koti la manjano.
Na ya pili. Na ya tatu.
Shamba likakaa vile nilivyolilaza,
laini, halina mshono,
na chai yangu ikapoa mkononi.

Basi nimekwenda.
Lazima nikiri: huko mwisho nilikuwa nafika kwa trekta tu,
kuvuta magari ya watazama ndege yaliyonasa.
Sikujua kwamba mbao zimepigiliwa wavu wa kuku
miguu isiteleze.
Sikujua matete yananipita kimo,
wala kwamba hayanyamazi,
kama watu wanaonong'ona kabla ya mazishi kuanza.
Kwenye ubao wa nne, kinyesi cha fisi maji, mifupa ya samaki ndani yake.
Bata bukini wakapita juu, wengi, wakigombana
juu ya nani aongoze.

Na ngojamaliko.
Nilikuwa nikimtazama muda mrefu
nikidhani ni matete, shingo juu, michirizi ya kahawia,
akiyumba upepo ulipoyumba,
hadi tete moja likapepesa jicho.
Tukasimama hivyo, mimi na yeye,
kila mmoja akingoja mwingine awe mmea.

Mkasi wako nimeukuta umetundikwa kwenye kipandio,
kutu kwenye bawaba. Nimeupaka mafuta ya trekta.
Nimekata upupu wa pale darajani
na ile miiba inayoshika kofia.

Sikuandiki ili unisifu.
Nimerudi juu ya nyayo zangu, kama ulivyofanya,
ila miguu yangu ni mipana
na karibu na nguzo ya umeme mstari umepinda;
nilikuwa nikitazama nyuma.
Binti yako akikuleta, utauona hata ukiwa garini.
Usipige kelele.
Jumapili ijayo nitaunyoosha.